Maswali ya Wasomaji: Mfupa Hushikaje Chuma?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa bati Kamukunji, mwaka wa 19 sasa, natengeneza masanduku ya shule na karai. Mwezi huu mzee wangu, miaka 63, dereva wa matatu mstaafu, amebadilishwa nyonga ya kushoto. Ilikuwa imesagika hadi mzee akawa anashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Kabla ya kumpasua, daktari alituonyesha sampuli ya hicho chuma. Nusu ya juu imepakwa kitu cheupe kinachokwaruza kama msasa, nusu ya chini ni laini, inang'aa. Nikauliza gundi iko wapi. Akacheka, akasema hakuna gundi wala saruji, mfupa utajishikia wenyewe. Mwalimu, mimi chuma nakijua, na rangi inavyobambuka naijua pia. Kitu chenye uhai kinashikaje chuma? Na huo unga mweupe hautabambuka mle ndani? Mzee ameambiwa atumie magongo majuma sita. Hili ni la tatu, anasema haumwi tena, anayatupa pembeni. Bado anavuta sigara zake mbili tatu kibarazani. Na jirani anatuletea supu ya mifupa kila jioni, eti ndiyo itakayounganisha. Fundi, Kamukunji."

Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa jikoni, na maziwa yakachemka yakamwagika nikiwa nimeishika, kwa sababu umeuliza swali ambalo mimi nililipwa mshahara miaka minne kulihangaikia. Kabla ya kuandika ukurasa huu nilikuwa fundisanifu wa maabara hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kulea seli za mfupa juu ya visahani vya titani, chuma cha aina ile inayotumika kutengenezea nyonga kama hiyo, na kuhesabu zilizoshika na zilizoanguka. Mimi si daktari, na kuhusu mguu wa mzee neno la daktari wake ndilo la kufuata. Lakini habari za seli na chuma, hapo nina la kusema.

Daktari alikwambia mfupa utajishikia wenyewe. Ni kweli, ila aliruka hatua moja, na hiyo hatua ndiyo utamu wote. Seli ya mfupa haishiki chuma. Haikigusi hata. Inashika kile ambacho damu imekitandika juu ya chuma.

Wewe ukitaka rangi ikae kwenye bati unafanyaje? Unapiga msasa, unafuta mafuta kwa thina, unapaka praima, yaani koti la kwanza la kushikia, ndipo unaleta rangi. Wale wapaka magari wa Kirinyaga Road hufanya vivyo hivyo. Sasa mwilini mambo hayako mbali na hapo, isipokuwa praima haiji kwenye mkebe. Inatoka kwa mzee mwenyewe.

Titani ikikutana na hewa hujivika ngozi ya oksidi, yaani titani iliyoungana na oksijeni, papo hapo, nyembamba mno, nanomita 2 hadi 10. Nanomita ni milimita moja uliyoigawa mara milioni. Unywele wako mmoja ni nanomita kama 80,000, basi pima mwenyewe. Ngozi hiyo ndiyo inayoizuia isile kutu na isimwage sumu mwilini, na ukiikwaruza hujirudishia. Kwa hiyo hata pale ambapo hakuna unga mweupe, mwili haukutani na titani tupu. Unakutana na oksidi yake, au na ule upako.

Chuma kinapoingia kwenye mfupa uliotoka kukwanguliwa, kinaloa damu. Maji na chumvi hutangulia. Sekunde chache tu baadaye protini za damu zimeanza kujilaza juu yake. Albumini hufika mapema kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye damu, halafu husukumwa na nyingine ambazo ni chache lakini zinang'ang'ania zaidi: fibrinojeni, fibronektini, vitronektini. Ni kama stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni, aliyetangulia kufika siye atakayekaa. Tabia hii ya protini kupokonyana nafasi imepewa jina la Leo Vroman, Mholanzi aliyehamia Marekani. Alikuwa mtaalamu wa damu na pia mshairi, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Hizo protini ndizo praima. Na si kulala tu, inategemea zimelalaje. Fibronektini ina sehemu moja ndogo sana, asidi amino (vijenzi vya protini) tatu zilizofuatana, ambazo wanasayansi huziandika kwa herufi RGD. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba kipande hicho kidogo ndicho seli inachokitafuta. Protini ikilala kifudifudi ikakificha, seli inapita. Ikilala chali kikaonekana, seli inatua. Kwa hiyo sura ya chuma, usafi wake na upako wake havimgusi moja kwa moja mjenzi, yaani seli ya mfupa. Vinaamua praima italala vipi, na praima ndiyo inayomkaribisha mjenzi.

Nikupeleke maabara ujionee. Kisahani cha titani kina upana wa milimita 15, kama kifungo cha koti. Seli tulizotumia zaidi zinaitwa Saos-2. Zilitoka kwa msichana wa miaka 11 aliyekuwa na saratani ya mfupa, mwaka 1973, na mpaka leo zinaendelea kuzaana kwenye maabara duniani kote. Nilizilea kwenye maji ya rangi ya waridi yenye seramu ya ndama, yaani maji ya damu yake yenye protini, nyuzi 37, kabati lenye hewa ya kaboni dioksidi asilimia 5. Unadondosha tone lenye seli juu ya kisahani, unangoja saa moja, unasuuza taratibu, unahesabu zilizobaki. Shida ni kwamba chuma hakipitishi mwanga. Kwenye kioo unachungulia kwa chini unaziona, kwenye titani huoni kitu mpaka uzipake rangi inayong'aa na uziangalie kwa juu kwa hadubini nyingine.

Ukiziona mara ya kwanza hutasahau. Inapotua, seli ni duara kama tone la uji. Baada ya dakika kadhaa inaanza kutoa vidole vyembamba pembezoni, inapapasa huku na huku, halafu inalegea na kusambaa kama yai ulilolivunjia kwenye kikaango. Vile vidole vina mikono ya protini iitwayo integrini, inayotoboa ngozi ya seli: upande wa nje inashika RGD, upande wa ndani imefungwa kwenye kamba za seli kwa protini nyingine, talini na vinkulini. Kati ya seli na kisahani hubaki nafasi ya nanomita 10 hadi 15 hivi, na protini ndizo zinazoijaza. Halafu seli inavuta. Ndiyo, inavuta zile kamba kujaribu kama mahali panashika, kama wewe unavyotikisa mpini wa nyundo mpya kabla ya kuiamini. Pakishika, inakaza zaidi na kuanza kazi. Pasiposhika, seli ya namna hii hujiua yenyewe. Kifo hicho wataalamu wamekipa jina kutoka Kigiriki lenye maana ya kukosa makao.

Nilijaribu pia kuzidondosha bila seramu, maji matupu ya kulea. Zilizoshika zilikuwa chache, na hazikutandaa vizuri. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichokosekana ni praima.

Sasa habari ya mafuta, ambayo wewe fundi utaielewa kuliko daktari yeyote. Wakati mmoja tuliletewa visahani vipya kutoka karakana moja ya hapa mjini, sitaitaja. Vilikuwa vizuri, vimekatwa sawasawa. Niliviosha kama kawaida, nikavichemsha kwa mvuke, nikadondosha seli. Saa moja baadaye nikasuuza, zote zikaondoka na maji kama unga wa ugali kwenye sufuria. Nikarudia. Vile vile. Nilipoteza majuma matatu nikizilaumu seli, nikailaumu seramu, nikamlaumu hata mwenzangu aliyekuwa anafungua kabati ovyo. Siku moja nikiwa na hasira nikadondosha maji matupu juu ya kisahani kikavu. Tone likasimama duara kama umande kwenye jani la nduma. Nikachukua kisahani cha zamani, tone likatandaa. Basi! Mafuta ya mashine ya kukatia yalikuwa bado yapo, na sabuni yetu haikuyaweza. Tulivisafisha kwa asetoni, kisha spiriti, kisha maji safi, mashine ya mawimbi ya sauti ikivitetemesha, na seli zikashika. Tangu siku ile sikuwahi kuanza kazi bila kudondosha tone kwanza.

Na hata bila mafuta ya mashine, titani safi ikikaa hewani majuma kadhaa hukusanya uchafu wa kaboni kutoka hewani na maji huanza kuikataa. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huhifadhi vipandikizi vyao, yaani vyuma vya kuwekwa mwilini, ndani ya maji ya chumvi hadi saa ya kutumika.

Msasa, je? Hapo nilijidanganya mwenyewe. Nilipolinganisha kisahani laini na kile kilichopigwa mchanga na kuoshwa kwa asidi, siku ya saba laini kilikuwa na seli nyingi zaidi. Nikaandika kwenye daftari: laini ni bora. Mkubwa wangu akanitazama, akaniuliza, "Umehesabu watu au umehesabu nyumba?" Nikapima kimeng'enya ambacho seli hutoa zinapokomaa na kujiandaa kuweka madini. Kipimo hicho hugeuka njano, na kadiri njano inavyokolea ndivyo kimeng'enya kilivyo kingi. Seli za kisahani laini, pamoja na wingi wao, zilitoa njano hafifu. Zile chache za kisahani cha kukwaruza zilitoa njano ya embe bivu. Kwenye ulaini seli hutandaa na kuzaana, kwenye mikwaruzo ya maikromita 1 au 2 (maikromita ni milimita uliyoigawa mara elfu) huacha kuzaana haraka na kugeuka wajenzi. Jambo hili limeonekana katika maabara nyingi kabla na baada yangu, mimi nililigundua tu kwa aibu.

Na ule unga mweupe wa mzee wako? Kwa maelezo yako, nadhani ni haidroksiapatiti. Ni madini ya kalsiamu na fosfati, ya ukoo mmoja na madini yanayoupa mfupa ugumu wake. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa wako ni madini ya namna hiyo. Kuyabandika juu ya chuma si kazi ya brashi. Unga hupitishwa kwenye mwali wa plazima, yaani gesi iliyochajiwa umeme, wenye joto linaloweza kupita nyuzi 10,000, ukayeyuka nusunusu na kurushwa juu ya chuma kilichopigwa mchanga, ukaganda. Unene wake kwa kawaida ni maikromita 50 hadi 200. Nyonga za namna hii zilianza kuwekwa kwa wagonjwa mwaka 1985, na aliyetangulia ni daktari Ronald Furlong wa London.

Kazi ya upako huo ni mbili. Protini za kushikia hupenda kulala juu yake. Halafu huyeyuka kidogo kidogo, na kalsiamu na fosfati zinazotoka huganda tena juu yake pamoja na protini, ikawa ngozi mpya inayofanana na mfupa. Mjenzi akija haoni ugeni. Anaweka mfupa kuanzia upande wa chuma huku wenzake wakiuleta kutoka upande wa mfupa wa zamani, wanakutana katikati. Bila upako, ujenzi kwa sehemu kubwa hutegemea wale wa upande mmoja, na nafasi iliyoachwa huchelewa kuzibika.

Umeuliza kama utabambuka. Swali la fundi kweli! Ndiyo, umewahi kubambuka, hasa pale ulipopakwa mnene kupita kiasi. Wewe mwenyewe unajua koti nene la rangi hupasuka na jembamba hudumu. Ndiyo maana chuma cha chini yake nacho hupigwa mchanga kwanza. Miaka inavyokwenda, seli za kula mfupa huutafuna huo upako pamoja na mfupa unaouzunguka, kwa sababu kwao ni chakula kile kile, na mfupa mpya hushuka kukaa juu ya chuma chenyewe chenye mikwaruzo. Kama chini ya upako chuma kingekuwa laini kama sahani, hapo ningeogopa.

Vipo pia vipandikizi visivyopakwa unga ila vimefunikwa na punje za titani zilizounganishwa kwa moto, zenye matundu kati yake. Matundu ya maikromita 100 hadi 400 huingiza mfupa pamoja na mishipa yake ya damu, na hapo mfupa haushiki tu, unasokota.

Kuhusu saruji nisije nikamchafulia mtu jina. John Charnley wa Uingereza aliitumia kwa nyonga zake tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo ni njia nzuri, hasa kwa wazee ambao mfupa umekuwa mwepesi. Ni akriliki, ya ukoo wa ile plastiki ya vibao vya maduka. Wala haigandishi kama gundi, inajaza nafasi kama saruji ya fundi wa vigae na kulikaba shina la chuma, ile sehemu inayoingia ndani ya mfupa wa paja. Mzee wako hakuipata kwa sababu daktari aliona mfupa wake bado una nguvu ya kujenga.

Sasa magongo. Hapa nisikilize, kisha mpe mzee asome mwenyewe.

Daktari alipokuwa anaweka lile shina, alikwangua ndani ya mfupa wa paja kwa tupa yenye umbo la shina lenyewe, kisha akaligonga liingie kwa nguvu kwenye tundu dogo kidogo kuliko lilivyo. Kwa nyundo, fundi! Na madaktari wengi husikiliza mlio: shina likikaa, sauti hubadilika, kama kigingi kinapofika mwisho. Mshiko wa siku ya kwanza ni huo wa kukabwa tu, hakuna seli iliyofanya lolote. Halafu mwili unaanza kusafisha ule mfupa uliobanwa na kujeruhiwa, unautafuna. Kwa hiyo kati ya juma la pili na la nne mshiko wa kukabwa unapungua, na mfupa mpya bado ni mlaini, haujakomaa. Ni kipindi cha kati, cha zamani kinaondoka na kipya hakijafika. Na ndicho kipindi ambacho maumivu yanaisha na mzee anajiona kijana.

Shina likichezacheza chini ya maikromita 50 hivi, wajenzi huvumilia. Likicheza kama 150, ambayo ni unene wa nywele mbili tu, zile kamba changa hukatika kila hatua, na badala ya mfupa mwili unatengeneza utando wa nyama ngumu kama wa kovu. Utando huo haubebi mzigo. Shina litakuwa linacheza siku zote, na mzee atarudi mezani kupasuliwa tena. Wewe ukibandika kitu kwa gundi halafu mtoto akawa anakitikisa kila dakika tano, kitashika? Nakiri madaktari hutofautiana, wengine huruhusu mgonjwa kukanyaga kwa uzito wote mapema kwa sababu wameona limekaba sawasawa. Wa mzee wako ndiye aliyesikia mlio wa nyundo siku ile. Akisema majuma sita, ni sita.

Sigara azime. Nikotini hubana mishipa midogo, na wajenzi wasiofikiwa na damu hawajengi. Wavutaji hupona mifupa polepole kuliko wasiovuta, hilo halina ubishi. Kama ana sukari, apimwe na aifuate, nayo huchelewesha. Supu ya jirani mshukuruni, inaleta hamu ya kula, lakini kalsiamu ya sufuria haipandi moja kwa moja ikajibandike kwenye nyonga. Mpeni maharage, mayai, omena, maziwa, na kajua ka asubuhi.

Ukiona naeleza kana kwamba haya yalipangwa tangu mwanzo, sivyo. Mwaka 1952 Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, vilikataa. Mfupa ulikuwa umevishika. Hakuwa anatafuta nyonga wala meno, alikuwa anataka vyombo vyake. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani, na wenzake wengi waliendelea kumkatalia kwa miaka.

*

"Mwalimu, nilianguka na bodaboda pale Outering, nikawekwa bamba la chuma na skrubu saba mguuni. Naambiwa baada ya mwaka mmoja na nusu huenda vikatolewa. Kama mfupa unashika chuma hivyo, vitatokaje? Kijana wa Umoja."

Pole sana, mwanangu. Chuma chako na cha nyonga vina kazi tofauti. Nyonga bandia ni mpangaji wa kudumu. Bamba ni kama mbao za kushikilia zege: zege likikauka, zinaweza kuondolewa. Kwa hiyo hutengenezwa laini makusudi, mara nyingi kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho mwili huelekea kukizungushia utando mwembamba wa nyama badala ya kukishika kwa mfupa. Tena bamba likibeba mzigo muda mrefu, mfupa ulio chini yake hulegea kwa kukosa kazi. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu kunyumbulika karibu mara mbili ya titani, na titani yenyewe ni ngumu mara kadhaa kuliko mfupa. Lakini kama zako ni za titani, usishangae daktari akitoka jasho. Skrubu za titani zilizokaa sana zimewahi kukatika kichwa zikifunguliwa, kwa sababu ya jambo lile lile lililomkuta Brånemark na sungura wake. Wengine huachiwa vikae maisha. Muulize daktari chako ni cha aina gani, na uandike jibu kwenye kadi yako ya hospitali.

*

"Mwalimu, nasomea uuguzi, mwaka wa pili. Kama sura ya kukwaruza inapendwa na seli, bakteria nao si wataipenda? Dada wa Kasarani."

Dada, utakuwa muuguzi mzuri. Ndiyo, nao wanaipenda. Mwaka 1987 Anthony Gristina, daktari wa mifupa Mmarekani, aliliita jambo hili mbio za kuuwahi uso wa chuma. Kipandikizi kikiingia, seli za mwili na bakteria huanza kukimbilia uso ule ule. Seli zikitangulia na kutandaa, bakteria hukuta milango imefungwa. Wakitangulia wao, hasa wale wa jamii ya stafilokoka wanaokaa kwenye ngozi zetu, hujijengea utando wa ute, wakajificha ndani yake. Dawa ya kuua bakteria huufikia kwa shida, na mara nyingi dawa ya mwisho ni kukitoa chuma chote. Na praima haibagui: stafilokoka nao wana mikono ya kushika fibronektini na fibrinojeni.

Ndiyo sababu utafundishwa kumpa mgonjwa dawa ya kuua bakteria ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa ngozi, si wodini baadaye akishaamka. Dawa iwe imo ndani ya ile damu ya kwanza inayokiloanisha chuma. Na utakapokuwa chumba cha upasuaji ukaona mpasuaji anakataa kushika sehemu iliyopakwa hata kwa glavu safi, anaishika kwa kifaa kwenye shingo tu, usidhani ni maringo. Mimi ningemkumbatia. Unga wa glavu, nyuzi za pamba na mafuta ya ngozi vyote hulala juu ya upako kabla ya damu.

*

"Huyo mzee wa nyonga akipita mlango wa usalama pale uwanja wa ndege wa JKIA, utalia? Msafiri, South B."

Huenda ukalia. Atembee na barua ya daktari, na akiambiwa avue mkanda asibishane, maana mara nyingi anayelia ni mkanda.